Alama ya Ahera

Mimi si mtu wa subira, na anayenijua atakuambia hivyo kabla hujamuuliza. Kazi yangu ni ukalimani wa lugha ya alama. Nakaa katikati ya viziwi na wanaosikia, nachukua maneno ya midomo nayageuza yawe ya mikono, na ya mikono nayarudisha midomoni. Viziwi hawamwiti mtu kwa jina la kwenye cheti. Wanamtazama, wanachagua kitu kimoja alichonacho, na hicho ndicho jina lake mpaka mwisho. Mimi wananiita Nyusi, kwa sababu nikikasirika zinapanda karibu zifike kwenye nywele. Nilijaribu kulikataa jina hilo. Nilipokataa nyusi zikapanda, wakacheka, jina likakaa.

Mwaka ule tulikuwa tunatengeneza kamusi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme: kimoja cha meza na viti, kingine cha kamera, na ukutani shuka la buluu lililobanwa kwa pini ili mikono ionekane vizuri. Mratibu alikuwa kijana msomi anayesikia, tuliyemwita Kalamu kwa ile kalamu isiyobanduka sikioni mwake. Yeye analeta orodha ya maneno, mimi nasoma neno na kulieleza, na viziwi saba waliochaguliwa na wenzao wanaonyesha kila mmoja alama anayoitumia kwao. Wanabishana weee, kisha wanapiga kura. Lakini hata kura ikipita, alama haiingii kwenye kamusi mpaka kiziwi mmoja asimame mbele ya shuka la buluu aitumie katika sentensi ya maisha yake mwenyewe. Sentensi ya kubuni ni marufuku. Sheria hiyo aliitunga Mzee Kofia, mpangaji herufi mstaafu wa kiwanda cha uchapaji. Alisema amepanga herufi za kamusi tatu maishani mwake, na zote zimejaa watu wasiokuwapo wanaokula machungwa yasiyokuwapo.

Neno "ahera" tulikuwa tumeliruka mara mbili. Kila likifika, Kalamu anatazama saa na kusema, "Hili gumu, tutalirudia," nasi tunahamia kwenye "ahidi". Mara ya tatu Mzee Kofia akagonga meza. Kiziwi akitaka kukuita hugonga meza, mtikisiko unakufikia viwikoni, huwezi kujifanya hukusikia.

"Mimi nina miaka sabini na nane," akasema kwa mikono. "Mkiliruka tena, nitafika huko kabla neno halijaingia kwenye kamusi."

Basi nikalisoma. Nikitafsiri hutamka pia kwa midomo, taratibu, ili anayesoma midomo alipate. Nikasema: ahera. Nikaeleza kuwa ni huko wanakokwenda watu wakishakufa, maisha yanayofuata baada ya haya, upande wa pili wa dunia.

Alama zikaanza kutolewa. Mmoja alielekeza kidole juu. Wa pili akalaza shavu kwenye kiganja kama aliyelala. Wa tatu akachimba shimo hewani. Kalamu alikuwa ameshaandika "kidole juu" kwenye daftari lake hata kabla ya kura, maana ndivyo sisi tunaosikia tunavyoelekeza, na kijana yule alikuwa na haraka ya kufika herufi B.

Sindano hakutoa alama yoyote. Huyu ni fundi wa makochi, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mabega mapana, na jina alilipata kwa ile sindano ndefu iliyopinda anayoibana midomoni akiwa kazini. Alikuwa ananitazama mdomo. Macho hayana pazia, nikamwacha atazame. Kisha akapiga meza kwa viganja vyote viwili mpaka chai ya Kalamu ikamwagikia orodha.

"Sema tena," akaniambia. "Kwa mdomo tu. Mikono weka chini."

Nikasema tena.

"Ndilo hilo," akasema. "Ndilo neno ulilonificha."

Hapa lazima nieleze, ingawa sipendi. Miaka ishirini na sita nyuma nilikuwa msaidizi wa mwalimu katika darasa la watoto viziwi. Nilikuwa na alama kama mia mbili kichwani na kiburi cha mtu mwenye elfu mbili. Baba wa mmoja wa wale watoto akafariki, nikaitwa nikamtafsirie mtoto maneno ya maziko, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuitwa. Msichana wa miaka tisa, amevaa gauni la kuazima, amesimama mbele kabisa. Aliyeongoza maziko akaanza kuzungumza, nami nikawa natupa mikono: baba mzuri, baba mchapakazi, baba alikupenda. Akasema ahera. Sikuwa na alama yake. Nikaliruka. Akalisema tena, nikaliruka tena. Mtoto akanivuta mkono, akanyooshea kidole midomo ya watu: wanasema nini? Nikampa lile jibu ambalo kila kiziwi amelishwa na ndugu zake tangu utotoni. Nikamwambia, baadaye nitakueleza. Ile baadaye ikafika, akaniuliza tena, nikamwambia si kitu.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi, kwamba nilikuwa nimesahau.

"Walilisema mara nane," Sindano akawaambia wenzake, na wote wakageuza viti kumtazama. "Mdomo unafunguka, pumzi inatoka, ulimi unagusa juu, mdomo unafunguka tena. Nililihesabu kwa sababu kila likipita mikono ya huyu ilikuwa inalala. Nikajua hapo ndipo alipo baba, ndani ya neno lile. Nikamuuliza mama, naye hakuwa na namna ya kunieleza."

Chumba kikanyamaza. Chumba cha viziwi kikinyamaza, ujue hakuna hata kidole kinachocheza.

"Nisamehe," nikasema.

"Kusamehe baadaye," akanijibu, na Mzee Kofia akacheka mpaka kofia ikamshuka machoni. Sindano hakucheka. "Mama yangu anaumwa. Hospitali wamemrudisha nyumbani, wamesema hakuna zaidi la kufanya. Wiki hii kila akinishika mkono anasema neno lile lile. Nalisoma midomoni mwake na silijui. Nalitaka kabla hajaondoka. Na safari hii usinirukie kitu."

Kalamu, maskini, akapendekeza tupitishe kidole juu halafu dada aelezwe vizuri pembeni. Sindano akamtazama kama anavyotazama kochi lililoletwa likiwa na panya ndani.

"Juu kuna mawingu, kuna ndege, kuna bati la jirani," akasema. "Baba yangu hayuko juu ya bati. Kulala nako, mimi nalala kila siku na naamka. Mnataka mtoto aogope kitanda? Na shimo nililiona kwa macho yangu. Shimo walilinyooshea majembe, lakini walipolisema neno hilo hakuna aliyelinyooshea shimo. Kwa hiyo ni kitu kingine. Nyusi, usiniambie maana yake. Niambie watu wanavyolitumia."

"Kwa nini?" Kalamu akauliza.

"Kitambaa hujui ubora wake kikiwa dukani. Unaujua mtu akishakikalia."

Kalamu alisomea lugha chuo kikuu, miaka mitano na picha ya joho ukutani, na nina hakika hakuna aliyemwambia jambo hilo vizuri kuliko alivyoambiwa siku ile na mtu aliyeishia darasa la nne. Mwenye macho haambiwi tazama. Nikaanza kumtolea namna watu wanavyolisema. Wanaoagana na mgonjwa husema tutaonana ahera. Mtu akitaka kusema kila mahali, pasipo kubakisha, husema dunia na ahera. Mwenye kinyongo husema sikusamehe duniani wala ahera. Anayedhulumu huambiwa utaulizwa ahera. Na rafiki akipotea mwaka mzima kisha akabisha hodi, tunamwambia sisi tulidhani umeshakwenda ahera, karibu ukae.

Alikuwa anakunja kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo huko kuna kuonana," akasema. "Kuna kuulizwa na kujibu. Hata ugomvi unafika. Basi huko si kulala. Huko watu wana shughuli."

"Kumbe na vikao vipo," akasema Mzee Kofia. "Nilidhani nitapumzika."

Tulicheka, lakini mimi moyoni nilimstaajabia yule mwanamke. Sisi wenye masikio tumelitumia neno hilo maisha yetu yote kama tunavyotumia kijiko, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuketi akajiuliza ndani yake mna nini. Yeye alilibeba miaka ishirini na sita bila kulijua, na kwa dakika kumi akalichambua mpaka likabaki tupu mezani. Akasimama, akachukua mkoba wake.

"Twende kwa anayelisema," akaniambia.

Nyumba yao ilikuwa ndogo, lakini makochi yake hata waziri angeyaonea wivu. Kitanda cha mgonjwa kilikuwa kimewekwa sebuleni, karibu na dirisha, apate hewa. Mama mtu alikuwa na miaka sabini na nne. Miaka thelathini ya maisha yake aliipitisha katika chumba cha dobi cha hospitali, akipiga pasi mashuka, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili uliobaki. Alinitazama kitambo.

"Wewe si yule binti wa maziko?" akasema. "Umezeeka, lakini nyusi ziko vilevile."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo, usiogope, mimi sifi leo."

Yeye na binti yake walikuwa na lugha yao ya jikoni, kama ilivyo kwa familia nyingi ambazo mtoto ni kiziwi na wengine hawakujifunza. Chumvi. Moto. Njoo. Kula. Mvua inakuja, anua nguo. Umechelewa. Niliwahi kuzihesabu baadaye, hazikufika sitini. Kwa maneno sitini mama yule alikuwa amemlea mtoto, akampeleka kwa fundi kujifunza kazi, akamsuta, akamtuliza. Lakini jaribu wewe kueleza kifo kwa chumvi na moto.

Sindano alinisimamisha mahali ambapo wote wawili wananiona. "Muulize lile neno analoniambia."

"Ahera?" mama akasema. "Ni huko ninakokwenda."

"Anauliza kukoje."

"Mwambie sijui, sijafika."

Nilipotafsiri, Sindano aliangua kicheko chake kikubwa, na mama naye akacheka mpaka akakohoa, tukampa maji. Ilikuwa vizuri kuwaona. Walicheka kwa namna moja, mabega yakipanda.

"Muulize kuna nani."

"Yuko baba yake, na mama yangu mimi, na shoga yangu wa dobi aliyetangulia mwaka juzi. Na yeye atakuja, lakini asije na haraka."

"Tutafanya nini huko?"

Mama alilainisha shuka magotini kwa kiganja, mara mbili, tatu, kama aliyeshika pasi. Alipozungumza hakunitazama mimi, alimtazama binti yake.

"Mwambie huko atasikia. Huko hakuna kiziwi. Nitamwita kwa jina nililompa siku alipozaliwa, na ataitika. Miaka thelathini na mitano sijawahi kuzungumza na mwanangu, nimekuwa namwagiza tu. Huko tutazungumza. Ndilo ninalomwambia kila siku, na ndilo linalonifanya nisiogope kwenda."

Mikono yangu ikalala.

Nasema kweli tupu. Nilijua maneno yale ni mapenzi matupu, na nilijua pia yatakavyomchoma. Nimekaa na viziwi nusu ya maisha yangu. Ukimwambia kiziwi kwamba mahali pazuri kuliko pote ni pale atakapoacha kuwa kiziwi, umemwambia kwamba hapa alipo ameharibika na anangoja fundi. Na aliyesema ni mama yake, amebakiza siku za kuhesabu. Nikajiambia, punguza kidogo, Nyusi. Sema "huko tutaonana", inatosha, nani atajua? Miaka ishirini na sita ya kazi na vyeti, nikajikuta nimerudi palepale, msichana mjinga mwenye alama mia mbili.

Sindano hakunifokea. Alinigusa goti mara mbili, kama unavyomgusa mtu aliyesinzia. Nikainua mikono nikasema yote, na jina la kuzaliwa, na lile la kuagiza tu.

Alimgeukia mama yake. Kisha akasema polepole, mikono karibu na kifua.

"Mwambie mimi sitaki. Nikifika huko nasikia, nitakuwa nani? Sitamjua mtu hata mmoja kwa sauti, hata yeye mwenyewe. Mimi mama namjua kwa anavyokunja shuka. Namjua kwa hatua zake sakafuni. Mbona mimi ndiye nibadilike? Kwa nini asije yeye na mikono? Nimemngoja hapa hapa miaka yote hii. Sitaki kungoja mpaka huko, halafu nifike nimkute bado amekaa kimya."

Nikayatoa kwa sauti. Sikuruka hata neno moja.

Mama aligeuzia uso dirishani. Nikadhani tumemuua. Alipogeuka tena macho yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa imara.

"Walinikataza," akasema. "Alipokuwa na miaka minne, mtaalamu mmoja aliniambia nikimwonyesha mikono mtoto hatasema kamwe. Akaniambia nikimpenda niikunje. Nikaikunja. Nilikuwa nampigia kelele za chumvi na mvua huku mikono nimeiweka mgongoni, na zile ishara chache nilizomwonyesha nilizionyesha kwa wizi. Hakusema. Na mimi sikujifunza. Basi nikabakiza tumaini huko mbele."

Sindano alisoma mikono yangu mpaka mwisho. Sijui nilitegemea nini, hasira pengine, na angekuwa na haki. Alisogeza kiti karibu na kitanda mpaka magoti yakagusa godoro.

"Sikujua kuwa ilikuwa kwa wizi," akasema. "Muulize amebakiza muda gani."

"Daktari amesema wiki mbili, na yule daktari ana mdomo wa kweli."

"Basi zinatosha kuanza."

Akamshika mama yake mkono wa kulia, ule mkono mkubwa wa pasi, akamkunjua vidole kimoja kimoja.

Nimewafundisha watu wengi lugha ya alama. Manesi, walimu, polisi mmoja, vijana wanaotaka cheti. Sijapata kuona mwanafunzi kama bibi yule. Siku ya kwanza alishika alama kumi na mbili. Siku ya pili akasahau tano, akanikasirikia mimi, akazishika tena pamoja na nyingine ishirini. Alikuwa anakosea vibaya sana. Alitaka kusema amemwona daktari, akasema amempika, na Sindano akauliza kama alitia chumvi. Vidole vilimuuma, akaomba visuguliwe mafuta, akaendelea. Mikono iliyokunjwa miaka thelathini ilikuwa kumbe inangoja kuambiwa tu. Majirani walipoingia kumjulia hali aliwafukuza kwa adabu, akasema yuko shuleni.

Mimi nilikwenda kila siku alasiri kusaidia. Siku ya tano niliambiwa nikae kando. Nilikaa, nikaona mama anauliza swali kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, alama moja baada ya nyingine kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Halikuwa umekula wala umechelewa. Alimuuliza: ulipokuwa mdogo, ulikuwa unaogopa nini?

Nikageukia ukuta. Kwa viziwi, kuwatazama wawili wanaozungumza ya kwao ni kama kusikiliza mlangoni, na mimi nina tabia mbaya nyingi lakini hiyo sina. Nilihesabu misumari ya fremu ya picha kwa muda wa saa nzima. Jibu la Sindano silijui mpaka leo.

Siku ya nane nilimkuta mama ameegemezwa mito, amechoka, ila uso una jambo.

"Nimemuuliza mwanangu ahera wanaisemaje," akaniambia kwa mdomo. "Akasema hawana. Akasema, wewe ndiye unayekwenda, toa wewe. Nikafikiri siku nzima ya jana. Tazama."

Aliinua mkono wa kushoto, kiganja kimesimama, kama ukuta. Mkono wa kulia ukawa mbele yake, vidole vinacheza kama mtu anayezungumza. Kisha ukapita polepole nyuma ya ule wa kushoto mpaka vidole havionekani tena. Lakini havikuacha kucheza. Mimi niliyekaa upande huu sikuviona, ila niliona mishipa ya mkono ikitembea chini ya ngozi, nikajua kule nyuma bado anasema.

Sindano alikuwa ananitazama mimi, aone nimeelewa. Nilielewa. Nimepitisha mikononi mwangu mahubiri, dua na risala za kila dini na kila mtaalamu, na hakuna aliyewahi kunionyesha jambo lile likawa wazi namna ile. Nikamwomba arudie. Akarudia, mara hii akachoka katikati, na Sindano akaushika mkono wake akaumalizia.

Mama alifariki siku ya kumi na moja, asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono. Daktari alikosea kwa siku tatu. Siku ya maziko nilisimama palepale pa mkalimani. Aliyeongoza maziko alikuwa mtu mwingine, lakini maneno ni yale yale. Akasema ahera. Nikanyanyua mkono wa kushoto, nikapitisha wa kulia nyuma yake. Akalisema mara sita, nikalisema mara sita. Sindano hakutazama midomo ya mtu yeyote. Shangazi mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona, "Huyu anafanya nini na mikono?" Jirani yake akamjibu, "Nyamaza, anasema alikokwenda."

Wiki iliyofuata neno likarudi mezani. Sindano akaonyesha alama, akaeleza ilikotoka. Viziwi waliitazama, kila mmoja akaijaribu, mmoja akafuta macho. Kalamu akakuna sikio kwa ile kalamu.

"Ni nzuri sana," akasema, nikatafsiri. "Lakini aliyeitoa si mjumbe. Halafu hakuwa kiziwi, na sasa hayupo. Utaratibu ni utaratibu, asiyekuwapo na lake halipo."

Nyusi zangu zilipanda, nilizihisi. Mzee Kofia aliniwahi kugonga meza.

"Kijana," akasema, "kwa neno lingine lolote ungekuwa na haki. Kwa hili, unataka shahidi gani zaidi ya yule aliyekwenda?"

Kalamu akachukua daftari akaifuta ile "kidole juu" yake. Kura zilikuwa sita, na yule wa saba, aliyekuwa amechimba shimo, akainua mkono naye.

Ikabaki sentensi. Sindano akasimama mbele ya shuka la buluu, akajifuta nyuzi za kitambaa kwenye mikono, akashusha pumzi. Mimi nilikaa pembeni ya kamera na kipaza sauti, kwa kuwa kila sentensi huandamana na sauti ya mkalimani. Sikuwa najua atasema nini. Kalamu akahesabu kwa vidole, tatu, mbili, moja. Sindano akaitoa bila haraka, macho kwenye kamera, na kwenye pembe za midomo mlikuwa na kicheko kile cha mama yake.

"Mama yangu yuko ahera," akasema. "Ameniambia nisiwe na haraka ya kumfuata, bado anafanya mazoezi ya alama."